Chanuka: Nani Aliamua PDF Yako Ifungukie kwa Brauza? Vile Programu Hupigania Faili Zako na Vile Unaweza Kuzipanga

Unabonyeza CV yako mara mbili ukitarajia Word. Inafunguka WPS, na juu yake tangazo la kukuuzia toleo la kulipia. Unabonyeza pdf ya risiti, inarukia kwa brauza. Unabonyeza muvi ya mkv uliyotoa kwa flashi ya beshte, picha inatokea poa lakini sauti imekataa kabisa. Wasee wengi wakifika hapo husema ni virusi, wanabeba lapi hadi kwa fundi pale Luthuli Avenue na wanaachana na soo kadhaa kwa kazi ya sekunde kumi.

Mara nyingi hakuna virusi. Kuna mahali ndani ya kompyuta yako pameandikwa kwamba faili ya aina hii ifunguliwe na programu ile, na kuna mtu, au programu fulani, iliijaza hiyo nafasi kabla yako. Ukijua hapo mahali ni wapi, unaijaza upya vile unataka. Na si mambo ya urembo tu. Kuna watu wamekosa kufaili ritani kwa sababu ya hii kitu, na kuna virusi moja ilizunguka dunia nzima ikitegemea hii kitu pekee. Tutafika huko.

MKIA NDIO KITAMBULISHO

Kila faili kwa Windows iko na jina, nukta, halafu herufi chache za mwisho: cv.docx, risiti.pdf, muvi.mkv. Vitabuni hizo herufi huitwa kiendelezi. Hapa tutaziita mkia, juu ndivyo zinakaa.

Hii tabia ni ya kitambo. DOS, ile Microsoft ilitoa 1981 iendeshe kompyuta za IBM, ilikuwa inakubali jina la herufi 8 na mkia wa herufi 3, basi. Ndio maana hadi leo tuko na doc, txt, exe na jpg. Windows 95 ilipokuja 1995 majina marefu yakaruhusiwa, na mikia nayo ikaanza kukua. Office 2007 ndiyo ilituletea docx na xlsx.

Sasa shika hii: ukibonyeza faili mara mbili, Windows haichunguzi kilicho ndani. Inasoma mkia, inaangalia kwa daftari lake programu gani imeandikishwa kwa huo mkia, inaiita. Kwa hivyo ukichukua picha ya jpg na uibadilishe jina iwe docx, haijageuka kuwa barua. Ni kama kubandika 111 kwa kioo cha matatu ya 58. Gari bado inaenda Buruburu, ni vile tu abiria wa Ngong wamechezwa.

Ukweli wa faili uko mwanzoni mwake, kwa herufi za kwanza ambazo jicho lako halionagi. Pdf huanza na %PDF. Programu za Windows, zile za mkia wa exe, huanza na MZ, ambazo ni herufi za jina la Mark Zbikowski, injinia wa Microsoft enzi za DOS. Faili ya zip huanza na PK, jina la Phil Katz aliyeiunda. Jamaa waliacha sahihi zao kwa mabilioni ya faili na hakuna mtu hujua.

Na hapo kwa PK kuna siri tamu. Docx yako pia huanza na PK, kwa sababu docx ni zip imevaa suti. Jaribu: tengeneza nakala ya ripoti yako ya Word, badilisha mkia wa hiyo nakala uwe zip, halafu uifungue. Utapata folda ndani, na ukiingia kwa ile inaitwa word, halafu media, utakuta picha zote za ripoti zimekaa hapo zikingoja. Kama bosi alikutumia picha 30 akiwa amezibandika kwa Word (na mabosi hupenda hiyo tabia sana), hivyo ndivyo unazitoa zote mara moja bila kuhangaika na moja moja.

DAFTARI, NA VITA VYA KULISHIKA

Lile daftari la Windows ndilo huitwa Registry. Ndani yake kuna sehemu kubwa inaitwa HKEY_CLASSES_ROOT, na humo kila mkia umeandikwa na programu zinazoweza kuufungua. Halafu kuna sehemu nyingine ya kila mtumiaji, inayohifadhi chaguo lako wewe binafsi. Chaguo lako ndilo hushinda. Ndio maana kwa kompyuta moja ya nyumbani pdf zako zinaweza kufungukia kwa programu moja na za mathe kwa nyingine, mradi kila mtu ako na akaunti yake.

Zamani hilo daftari lilikuwa kama geti bila soja. Programu yoyote ukiiweka ilikuwa inaingia na kujiandika itakavyo. Waliokuwa na kompyuta mwanzo wa miaka ya 2000 wanakumbuka vile RealPlayer, QuickTime, Winamp na Windows Media Player zilikuwa zinagombania mp3 kama makanga wanagombania abiria na mzigo wake. Ya mwisho kuwekwa ndiyo ilikuwa inabeba.

Na kwa nini zipiganie? Juu watu wengi hawabadilishagi kitu. Ukikuwa programu ya kwanza kufunguka, umeshinda mteja bila kumtongoza. Serikali ya Marekani iliburuta Microsoft kortini 1998 kwa mambo ya kuunganisha Internet Explorer na Windows. Ulaya nayo ikaitoza faini ya euro milioni 497 mwaka wa 2004, moja ya makosa ikiwa kuuza Windows ikiwa imebeba Media Player ndani. Baadaye Microsoft ikakubali kuwaonyesha watu wa Ulaya skrini ya kuchagua brauza, ikaanza kutokea 2010. Halafu toleo moja la marekebisho ya Windows 7 likatoka bila hiyo skrini, na ikakaa hivyo zaidi ya mwaka. Mwaka wa 2013 Ulaya ikatoza euro milioni 561. Kwa skrini moja tu, wasee.

Windows 8 ilipokuja 2012, geti likawekwa kufuli. Sasa chaguo lako likiandikwa kwa daftari linapigwa muhuri wa siri unaotengenezwa na Windows yenyewe. Programu ikijaribu kujiandika kinyemela, muhuri haulingani, na Windows inarudisha mambo vile ilikuwa inataka. Kama ushaiona ile arifa ya Windows 10 ikisema kuna apu imeleta shida na mpangilio wa pdf ukarudishwa kwa Edge, basi umeona kufuli ikifanya kazi.

Kufuli ni kitu poa, hapo hakuna ubishi. Shida ni kwamba mwenye kufuli pia ako na programu zake kwa soko hilo hilo. Julai 2015, Windows 10 ikitoka, Chris Beard aliyekuwa mkubwa wa Mozilla alimwandikia Satya Nadella wa Microsoft barua ya wazi akilia kwamba ukihamia Windows 10 chaguo lako la brauza linawekwa kando. Windows 11 ikaja Oktoba 2021 na ikafanya mambo yawe ngori zaidi: ukitaka Chrome au Firefox ilibidi ubadilishe mkia mmoja mmoja, htm, html, halafu http na https, kila moja peke yake. Watu walipiga kelele hadi mapema 2022 kitufe kimoja cha kubadilisha brauza kikarudishwa. Lakini cheki vizuri: hicho kitufe ni cha brauza. Pdf bado inaweza kubaki kwa Edge hadi uende uihamishe mwenyewe.

VILE YA KUBADILISHA KWA WINDOWS

Njia ya haraka huanza na faili yenyewe. Weka mausi juu ya faili, bonyeza kitufe cha kulia, enda palipoandikwa Open with, halafu Choose another app. Orodha itatokea. Chagua programu unayotaka, na hapo ndipo watu wengi hukosea: kwa Windows 10 lazima uweke tiki pale chini kwenye Always use this app, na kwa Windows 11 lazima ubonyeze Always, si Just once. Bila hiyo umefungua mara moja tu, kesho utakuta ni yale yale.

Kama programu yako haiko kwa orodha, shuka chini kabisa utafute neno la kuonyesha programu zaidi au la kutafuta programu ndani ya kompyuta. Nyingi hukaa kwa folda ya Program Files, na unayotafuta ni faili ya exe yenye jina la programu. Kama huko pia haiko, ujue haijawekwa kwa mashine. Windows haiwezi kuita mtu ambaye hajahamia.

Njia ya pili ni ya kupanga mengi kwa mpigo. Fungua Settings, enda Apps, halafu Default apps. Kwa Windows 11 kuna nafasi ya kutafuta juu kabisa. Andika mkia na nukta yake, mfano .pdf, na itakuonyesha nani anaufungua sasa. Bonyeza, badilisha, umemaliza. Ama uanze na programu: chagua VLC kwa orodha na utaona mikia yote inayoweza kushika, uipee ile unataka. Kwa Windows 10 hiyo orodha ya mikia iko chini ya ukurasa, palipoandikwa Choose default apps by file type, na ni ndefu kama foleni ya Huduma Centre mwisho wa mwezi.

Kuhusu ile muvi bila sauti: mkv ni sanduku tu. Ndani yake kuna picha, sauti na labda maandishi ya kutafsiri, na kila moja inaweza kuwa imefungwa kwa namna yake. Programu ikijua kufungua picha lakini haijui hiyo aina ya sauti, unabaki ukitazama mabubu wakirushiana risasi. VLC hubeba vifunguzi vyake ndani, ndio maana inapiga karibu kila kitu. Ilianza 1996 kama mradi wa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, na hadi leo ni bure na haina matangazo. Kama unapenda muvi za DJ Afro za kutoa kwa flashi, ipee VLC mikia ya mkv, mp4 na avi mara moja uache kuumia.

Kitu kimoja usijaribu: usiguse mkia wa exe wala lnk, ile ya vifupisho vya programu. Enzi za Windows 7 kuna watu walifungua kifupisho kimoja na Notepad, wakaweka tiki ya daima, na kufumba na kufumbua kila programu kwa skrini ikawa inafunguka kama ukurasa wa maandishi ya ajabu ajabu. Hiyo ndiyo siku fundi alikula fare ya ukweli.

RITANI YA KRA NA MAKRO ZILIZOGOMA

Hapa ndipo hii mambo huuma mfukoni. Mtu wa mshahara pekee anaweza kujaza ritani yake ndani ya brauza pale iTax na amalize. Lakini kama uko na biashara, nyumba za kodi ama mapato ya kando, unadaunlodi fomu na kuijazia kwa kompyuta yako. Fomu inakuja ikiwa zip, na unachagua kati ya ya Excel na ya ods.

Ile ya Excel iko na vitufe vinavyofanya kazi kwa makro, yaani maagizo madogo yaliyoandikwa ndani ya faili. Ukishajaza, unabonyeza kitufe cha kuhakikisha, fomu inakagua hesabu yako na kukutengenezea faili ya kupandisha iTax. Sasa kama WPS ndiyo ilishika mikia ya Excel kwa lapi yako, fomu itafunguka, utajaza masaa mawili, utabonyeza kitufe, na hakuna kitu. Matoleo mengi ya bure ya WPS hayana uwezo wa kuendesha hizo makro. Fomu iko sawa. Iko tu mikononi mwa programu isiyoijua.

Kwa hivyo kabla ya kujaza laini ya kwanza, weka mausi juu ya fomu, bonyeza kulia, Open with, chagua Excel. Kama huna Excel ya ukweli kwa mashine, rudi uchukue ile ya ods, ambayo ni ya kina LibreOffice, na LibreOffice ni bure.

Kuna kizuizi cha pili. Tangu 2022 Microsoft huzima makro kwa faili yoyote iliyotoka intaneti, na unaona ukanda mwekundu juu ya Excel ukikataa katakata. Dawa yake: funga faili, bonyeza kulia juu yake, chagua Properties, na chini kabisa utaona neno Unblock. Weka tiki, OK, halafu ufungue tena. Hii ufanye tu kwa fomu uliyodaunlodi mwenyewe kutoka iTax. Fomu uliyotumiwa na mtu WhatsApp ikiwa imefunguliwa tayari, iache ilivyo. Kizuizi kiliwekwa kwa sababu makro ni njia moja ambayo wezi huingilia.

Na ile faili inayotoka mwisho ni zip. Usiifungue, usiibadilishe jina, usijaribu kuona iko na nini. Ipandishe vile ilivyo. Siku ya mwisho ni 30 Juni, na mtu binafsi akichelewa ni Ksh 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ile itakuwa kubwa. Ngiri mbili kwa sababu ya mkia wa faili ni uchungu wa bure.

MKIA ULIOFICHWA, NA BARUA YA MAPENZI

Tarehe 4 Mei 2000 watu duniani kote walianza kupata barua pepe yenye kichwa cha habari ILOVEYOU. Ndani kulikuwa na faili: LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT. Ni nani hataki kujua nani anamkatia? Watu wakafungua. Jina kamili la ile faili lilikuwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Mkia wa ukweli ni vbs, yaani programu ndogo, na Windows ilikuwa imeuficha. Kwa sababu vbs ilikuwa imeandikishwa kwa programu inayoendesha maagizo, kubonyeza mara mbili kulitosha. Ikaharibu faili za watu, kisha ikajituma kwa kila mtu aliye kwa orodha ya anwani ya mwathiriwa. Ilitoka Ufilipino, na huko wakati huo hakukuwa na sheria ya kumfunga mtu kwa kazi kama hiyo. Walipitisha moja mwezi uliofuata.

Miaka imepita na Windows bado huficha mikia inayoijua. Ukiniuliza mimi, huo ni uamuzi mbaya zaidi uliowahi kudumu kwa kompyuta. Wanaoficha husema mikia inachanganya watu. Inayochanganya ni ile huioni. Mtu akikutumia Fee_Structure.pdf.exe, wewe unaona Fee_Structure.pdf, na mwenye kuiunda ameibandika hadi picha ya alama ya pdf.

Washa mikia leo. Windows 11: fungua folda yoyote, juu bonyeza View, halafu Show, halafu File name extensions. Windows 10: View, halafu tiki kwa File name extensions. Baada ya hapo utaona kila jina hadi mwisho. Ukibadilisha jina la faili kuwa mwangalifu usifute mkia. Windows itakuuliza kama una uhakika, na jibu ni hapana.

Lakini wezi nao wako mbele. Kuna alama moja ya maandishi isiyoonekana, ya lugha zinazoandikwa kutoka kulia kama Kiarabu, ambayo ikiwekwa katikati ya jina hugeuza herufi zinazofuata. Faili ya exe inaweza kuonekana kwa macho yako kama CV_exe.pdf, ilhali pdf hapo ni fdp imegeuzwa na mkia wa kweli umerudi katikati. Kwa hivyo kwa folda ya daunlodi panga faili kwa Details na uangalie safu ya Type. Jina linaweza kudanganya, lakini ikiandika Application, hiyo ni programu hata kama imejiita risiti.

Na sasa ujanja wangu wa siku zote, unaotumia mpangilio huu huu kama ngao. Mikia ya vbs na js ni ya maagizo, na mtu wa kawaida hana siku hata moja ya kuifungua kwa kubonyeza mara mbili. Ipee Notepad. Tengeneza faili tupu, iite jaribu.js, bonyeza kulia, Open with, Notepad, daima. Rudia kwa jaribu.vbs. Siku mtu atakutumia barua ya mapenzi, itafunguka kama maandishi na haitaweza kukimbia. Microsoft yenyewe ilitangaza 2023 kwamba inaizika VBScript pole pole, lakini js bado iko, na lapi nyingi mtaani ni za mtumba na Windows ya kitambo.

MAC NA LINUX

Kwa Mac bonyeza faili mara moja, shika Command na I, tafuta Open with, chagua programu, halafu bonyeza Change All. Ukisahau Change All umebadilisha hiyo faili moja tu. Mac ya kwanza ya 1984 haikutegemea mkia. Kila faili ilibeba kodi mbili za siri za herufi nne nne, moja ya kusema ni ya aina gani, nyingine ya kusema iliundwa na programu gani, kwa hivyo picha mbili za aina moja zingeweza kufungukia kwa programu mbili tofauti, kila moja ikirudi kwao. Mpango mtamu, lakini faili ikipitia kwa kompyuta nyingine hizo kodi zilikuwa zinapotea. Mwaka wa 2009 Apple iliacha kufuata ile kodi ya muundaji, na wazee wa Mac walinuna sana.

Watu wa Linux mnajua kujitafutia: bonyeza kulia, Properties, Open With, weka ya daima. Kwa wale wa terminali, xdg-mime default vlc.desktop video/x-matroska inamaliza maneno ya mkv, na chaguo zenu zinaandikwa kwa faili ya mimeapps.list ndani ya folda ya .config. Amri ya file nayo husoma zile herufi za mwanzo na kukwambia ukweli hata mkia ukidanganya.

KWA SIMU

Android ikikuuliza ufungue na nini, inakupa chaguo mbili: mara moja tu au daima. Wengi hubonyeza daima kwa haraka ndio iache kuwasumbua, halafu pdf zote zinaingia kwa apu yenye matangazo kila ukurasa. Kuirudisha, usihangaike na faili. Enda kwa apu yenyewe iliyoshika: Settings, Apps, chagua hiyo apu, tafuta Open by default au Set as default, halafu Clear defaults. Ukifungua pdf tena simu itakuuliza upya. Jina la hiyo sehemu hubadilika kidogo kulingana na simu yako ni Tecno, Samsung au Xiaomi, lakini huwa iko hapo ndani ya apu. Za brauza, simu na meseji ziko kwa ukurasa wao wa Default apps. IPhone ilichelewa sana kwa hii party: hadi iOS 14 ya Septemba 2020 hukuweza kubadilisha brauza wala apu ya barua pepe.

Kwa simu mkia wa kuogopa ni apk. Hiyo ni programu nzima. Mwaliko wa harusi, picha za mazishi, orodha ya waliopata kazi au risiti ya benki, hakuna hata moja huja ikiwa apk. Ukiibonyeza na simu iulize kama unaruhusu WhatsApp iweke programu zisizojulikana, hapo ndipo mlango ulipo. Kataa, halafu futa faili. Ukiruhusu, ni apu imeingia, na ikiomba kusoma meseji zako itaona kila kodi ya siri unayotumiwa na benki.

MAMBO YAKIKATAA KABISA

Kuna wakati umegusa kila kitu na sasa hujui nani anafungua nini. Windows iko na kitufe cha kurudisha yote mwanzo. Kwa Windows 11 ni chini kabisa ya ukurasa wa Default apps, palipoandikwa Reset all default apps. Kwa 10 ni pale pale, Reset to the Microsoft recommended defaults. Jua tu kwamba mwanzo huo ni wa Microsoft: brauza inarudi Edge, pdf inarudi Edge, muvi zinarudi kwa kicheza chao, na kile kitufe cha VLC uliweka utakirudia tena.

Na kama faili moja tu ndiyo inakataa huku ndugu zake za mkia huo huo zinafunguka fiti, acha mpangilio, shida iko kwa faili. Labda haikumaliza kudaunlodi. Cheki ukubwa wake, na kama ni pdf ya KB 0 au 1 mwambie mwenyewe akutumie tena. Ama ifungue na Notepad uone herufi za kwanza. Ukikuta %PDF ni pdf. Ukikuta PK, ni zip au docx iliyopewa jina vibaya, rudisha mkia wake na itafunguka. Ukikuta neno html hapo juu, ulichohifadhi ni ukurasa wa tovuti ukikwambia uingie kwanza kwa akunti, na waraka wenyewe bado haujaupata. Na ukikuta MZ kwa kitu uliambiwa ni CV, ifunge hiyo Notepad, ifute faili, usafishe na Recycle Bin.